Pale hakuna anayeniita

Jumapili jioni ndiyo siku yangu ya kukagua madaftari. Vyombo vimeshaoshwa, sare zimening'inia nyuma ya mlango, na baridi ya Mbeya imeanza kupenya chini ya milango. Daftari la Kiswahili la binti yangu wa darasa la sita lilikuwa na insha mpya. Kichwa chake: Mahali ninapopapenda.

Nilianza kufurahi kabla sijasoma. Nilijua itakuwa Matema, kule ufukweni Ziwa Nyasa. Kama si Matema, basi Ziwa Ngozi, au Daraja la Mungu kule Kiwira, ambako tulipiga picha iliyopo ukutani mpaka leo.

Aliandika hivi:

“Mahali ninapopapenda ni kwenye jiwe lililo juu ya nyumba za mwisho za mtaa wetu. Jiwe hilo ni kubwa kuliko daladala. Juu yake kuna kishimo kinachotunza maji ya mvua na ndege huja kunywa. Nikiwa pale naona uwanja wa ndege wa zamani, naona bati la shule yetu, na nyumba yetu naiona ndogo. Pale hakuna anayeniita.”

Mwalimu alikuwa amepiga vema na kuandika: “Safi sana.”

Jiwe gani?

Nimeishi mtaa huu, chini ya mlima Loleza, tangu kabla binti huyu hajazaliwa, na sijawahi kusikia habari za jiwe. Ile sentensi ya mwisho ilinikaa kooni wiki nyingi. Nikiwa dukani nampimia mteja kitambaa, inakuja. Nikiwa kwenye daladala ya Mwanjelwa, inakuja. Anayemwita binti yangu kutwa nzima ni nani kama si mimi?

## Kule tulikowapeleka

Baba wa watoto wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu. Wiki hii yuko Lubumbashi, wiki ijayo amekwama kwenye foleni ya Tunduma. Kwa hiyo akiwa nyumbani hatukai. Tunafunga chakula kwenye hotipoti, tunabeba masweta, tunaondoka. Nimekulia Tukuyu, na tangu nimepata watoto nimekuwa na hamu moja: wajue kwamba huku kwetu ni kuzuri. Wasikue wakidhani furaha inaishi Dar es Salaam.

Ngozi ndiko ninakokupenda kuliko kwingine kote. Unaacha barabara ya Tukuyu pale Isongole, unaingia msituni, na kuanzia hapo ni matope, mizizi na mianzi. Mwisho wa njia unapanda kwa mikono na miguu. Halafu miti inaachia ghafla, na chini sana, ndani ya tundu la volkano, kuna ziwa la kijani limetulia. Kila nikifika pale nashindwa kusema kitu.

Mara ya mwisho tulikwenda wote. Mdogo wa binti yangu, mvulana wa miaka 9, alikuwa amesikia shuleni habari za kipunji, yule kima ambaye wanasayansi walimtangaza kwa dunia mwaka 2005 tu. Nilimwambia kipunji yuko msitu wa Rungwe na milima ya Livingstone, si hapa. Hakunisikia. Alitembea akitazama juu mpaka akajikwaa. Alipofika ukingoni akapiga kelele, akingoja ziwa limjibu.

Dada yake alisimama pembeni, mikono ndani ya mikono ya sweta.

“Umefurahi?” nikamuuliza.

“Ndiyo, mama.”

Mzazi wa mtoto wa umri huu anaijua hiyo “ndiyo, mama”. Ina adabu zote, na haina kitu ndani yake.

Matema ilikuwa tofauti kidogo. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo akina mama wa Kikisi wanaleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe hadi soko la Lyulilo. Mume wangu na mdogo walikuwa majini. Binti yangu alisimama mbele ya mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akipanga vyungu mchangani. Yule mama alikuwa anashika chungu kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Kikilia vizuri, anakiweka mbele. Kimoja kililia kama kimekohoa. Akatikisa kichwa, akakitenga.

Kisha akampa binti yangu chungu bila kusema neno. Binti akagonga. Wakasikiliza wote wawili. Binti akakiweka mbele, na yule mama akakiacha hapo hapo.

Waliendelea hivyo muda mrefu. Nilikuwa nimekaa kivulini mwa mwembe, na nilijua nisiende.

Sikulifikiria sana jambo lile siku hiyo. Lilinirudia wakati ninahangaika na ile insha.

## Hofu

Niseme wazi kilichonisumbua. Ana miaka 11. Wasichana wengi huanza kubadilika mwili kati ya miaka 8 na 13, na wa kwangu ameshaanza. Siku hizi anafunga mlango wa chumba. Anaoga kwa komeo. Anacheka na rafiki zake, nikipita wananyamaza. Haya yote niliyategemea, na mengine nilikuwa nimejiandaa kuyazungumza.

Sikuwa nimejiandaa kwa jiwe. Huko mlimani kuna mikaratusi na vichaka, kuna vijana wanaokwenda kukata kuni, na mvua ya huku ikianza Novemba haibishi hodi. Kuna radi. Kuna nyoka. Na kuna wanadamu, ambao ndio hofu yangu kubwa, na sihitaji kumweleza mzazi mwenzangu kwa nini.

Mama jirani, ambaye namheshimu na ambaye amelea watoto wake mpaka vyuo, aliniambia bila kuzunguka: “Mfungie. Msichana wa umri huo hana shughuli mlimani.” Hakusema kwa ubaya. Anamfahamu msichana mmoja aliyeumizwa, na tangu siku hiyo hawezi kusema vinginevyo. Simlaumu.

Usiku nikampigia mume wangu. Alikuwa Nakonde, anangoja karatasi za mzigo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Mimi nikiwa na umri wake nilikuwa nashinda machungani,” akasema. “Hakuna aliyekuwa anajua niko bonde gani.”

“Wewe ulikuwa mvulana.”

Akakaa kimya. Nikamsikia mtu anamwita kwa nyuma, akaniambia atanipigia. Mimi nikabaki na jibu langu mwenyewe mkononi, na sikulipenda.

## Kijiji cha wavulana

Babu yangu mzaa baba alituambia mara nyingi kwamba alihama kwa baba yake akiwa bado hajaota ndevu. Tulipokuwa watoto tulidhani anatia chumvi. Baadaye, nikiwa chuo, nikakutana na maandishi ya Monica Wilson, ambaye yeye na mumewe Godfrey waliishi kwa Wanyakyusa miaka ya 1930 wakichunguza maisha yetu. Yote aliyosema babu yalikuwa mle.

Mvulana wa Kinyakyusa akifika miaka 10 au 11 hivi alitoka kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika walijenga vibanda vyao pembeni, wakalala huko, wakaongea mpaka usiku, wakagombana na kupatana wenyewe. Waliendelea kusaidia kazi za nyumbani. Na chakula walikula kwa mama zao, tena kwa kundi: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Miaka ikienda, wakaoa hapo hapo. Vibanda vya watoto vikawa nyumba za watu wazima, na kikundi kikawa kijiji.

Nilipoyakumbuka haya wakati ninahangaika, nilihisi nimepata wa kunisaidia. Wazee wetu walijua kwamba mtoto wa umri huu anahitaji mahali pasipo na mzazi. Hawakumtupa, maana jioni anarudi kula, na mama yake anamwona kama amekonda au ana kidonda. Lakini hawakumfuata kitandani. Umbali ule waliupima, na waliuita malezi.

Kisha nikamkumbuka bibi.

Bibi hakuhama na wenzake kwenda popote. Alibaki chini ya jicho la mama yake, akaposwa kabla hajavunja ungo, na siku alipotoka alitoka kwenda kwa mume. Hakuna maandishi niliyosoma yanayonieleza kuhusu kijiji cha wasichana, kwa sababu hakikuwapo.

Babu alipewa kijiji. Bibi alipewa mume.

Hapo ndipo nilipogeuka. Nilikuwa nimejaa hoja za usalama, na hoja zile ni za kweli, bado ninazo. Lakini nikaona kwamba nikimkataza binti yangu lile jiwe na kumruhusu mdogo wake akifika miaka 11, kama ambavyo bila shaka ningemruhusu, nitakuwa ninaendeleza jambo la zamani sana ambalo sikuliamini hata nilipokuwa mtoto.

## Kisimani

Mimi nilikuwa na mahali pangu Tukuyu. Kilikuwa kisima, chini ya mteremko, kati ya shamba letu la migomba na chai ya jirani. Tulikuwa tunatumwa maji jioni, wasichana wa nyumba zile zote, kila mmoja na ndoo yake. Maji yalikuwa yanatoka polepole kwenye bomba la mwanzi, na kila mmoja alisubiri zamu. Pale ndipo nilipojua karibu kila kitu ninachokijua kuhusu kuwa mwanamke. Pale niliambiwa nisiogope damu. Pale nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye matope.

Mama zetu walidhani tunachota maji. Tulikuwa tunachota, ni kweli. Ila ndoo ilijaa mapema kuliko tulivyosema.

Sasa kwetu kuna bomba uani. Sitaki hata siku moja binti yangu abebe ndoo kichwani kupanda mteremko ule akiwa amelowa mgongo mzima. Mama yangu shingo inamuuma mpaka leo kwa ajili ya ndoo. Lakini mahali pa wasichana palikuwa pamefichwa ndani ya kazi, kisimani, kwenye kuni, kwenye mashine ya kusaga. Kazi ilipopungua, na tunashukuru imepungua, hakuna aliyewauliza wasichana wataonana wapi.

Wavulana wamebaki na viwanja. Pita jioni yoyote kwenye uwanja wa mpira wa mtaa wowote wa Mbeya uhesabu wasichana.

Wa kwangu amejitafutia jiwe.

## Hodi

Nilimsubiri mpaka tukawa wawili tu jikoni, anamenya viazi.

“Nimesoma insha yako.”

Kisu kikasimama. “Ile ya jiwe?”

“Hiyo hiyo. Naomba nikapaone.”

Akafikiri. Nikaona anapima. “Utanikataza?”

Ningeweza kusema hapana ili anipeleke. Nikamwambia, “Sijajua bado.” Nadhani jibu hilo ndilo lililomfanya akubali.

Tulipanda Jumamosi asubuhi. Nyumba za mwisho zikaisha, njia ikawa nyembamba, ardhi nyekundu imepasuka na maji ya mvua. Kabla ya kuingia kwenye mikaratusi kuna mama mmoja anafuga mbuzi. Nilikuwa namwona kwa mbali tu siku zote. Binti yangu akamwamkia, akaitikiwa kwa jina.

“Wewe ndiye mama yake?” yule mama akaniuliza. “Hawa ninao mimi. Jua likianza kuegemea napiga makofi, wanashuka.”

“Huwaiti?”

“Nikiwaita watachukia. Napiga makofi tu.”

Nilitaka kumkumbatia. Wiki zote zile nilikuwa ninamwona mwanangu yuko peke yake mlimani, kumbe kuna jicho la mama lilikuwa juu yake, na lilikuwa limejua kukaa mbali kuliko la kwangu.

Jiwe ni kubwa kweli. Unalipanda kwa nyuma, kuna ngazi ya asili ambayo miguu midogo imeshaifanya kuwa laini. Kishimo cha maji kipo, kina majani mawili ya mkaratusi yanaelea. Kwenye ufa mmoja wameficha mfuko wa nailoni: ndani kuna kipande cha kanga cha kukalia, vifuniko vya soda, penseli fupi na kitabu cha kuandikia kilichokunjamana, ambacho alikirudisha upesi ufani nami nikatazama pembeni. Wako watatu, yeye na wasichana wawili wa darasa lake.

“Huwa mnafanya nini hapa?”

“Tunakaa.”

“Mnakaa tu?”

“Tunaongea. Siku nyingine hatuongei.”

Akanionyesha pa kukaa. Si pale anapokaa yeye, pembeni kidogo. Jiji lote lilikuwa chini yetu, moshi wa asubuhi, barabara kuu na malori yake, na ng'ambo safu ya Uporoto ikiwa ya buluu. Nilitafuta nyumba yetu na sikuiona. Alinielekeza kwa kidole mpaka nikaiona, na kweli ni ndogo.

Tukakaa bila kusema. Nilikuwa na maswali mengi na nilijizuia kwa nguvu, maana ningeuliza moja tu, ningejibiwa “ndiyo, mama”. Baada ya muda akaanza mwenyewe. Akaniambia kuna mwenzao mmoja ameshavunja ungo, hajamwambia mama yake, anaogopa atapigwa. Akaniuliza kwa nini mtu apigwe kwa kitu hicho. Mengine tuliyoyaongea ni ya kwake na ya yule mwenzake, siyaandiki hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba nyumbani, mezani, mbele ya televisheni, maneno yale nilikuwa nimeyatafuta kwa mwaka mzima.

Wakati wa kushuka akaniambia, akiwa mbele yangu na bila kugeuka: “Siku nyingine ukitaka kuja, piga hodi pale kwa mama wa mbuzi.”

## Tulivyopatana

Masharti yangu aliyakubali karibu yote. Asiende peke yake kamwe. Mawingu yakianza kufunika kichwa cha Loleza, washuke, wasisubiri tone la kwanza, maana juu ya jiwe si mahali pa kusikilizia radi. Makofi yakipigwa, ni makofi. Na mtu yeyote, hata awe ndugu, akiwafuata au akawapa kitu, nijue siku ile ile, na binti yangu hatakuwa na kosa kwa kuniambia.

Na yeye alikuwa na yake. Nisimtume mdogo wake kwenda kumwita. Nisisimulie kwa mama za wenzake yanayosemwa kule. Hili la pili lilinipa shida, kwa sababu ya yule msichana anayeogopa kupigwa. Tukakubaliana kwamba mtu akiwa hatarini, siri inaisha. Akauliza nani anaamua kwamba ni hatari. Nikamwambia tutaamua wote wawili, ila tukishindwana, mimi. Hakupenda. Akakubali.

Mama jirani bado haafiki. Ameniambia mara mbili kwamba nacheza, na kila akisema moyo unanidunda, kwa sababu sina jibu la kumhakikishia kwamba hakuna litakalotokea. Nimekwenda mara kadhaa kwa mama wa mbuzi na kilo ya sukari, tunaongea habari za mbuzi. Hilo ndilo ninaloweza kufanya.

Ngozi tutaendelea kwenda. Naipenda, na watoto wataendelea kubebwa na mapenzi yangu kama nilivyobebwa na ya mama yangu kwenda kanisani kwa miguu. Desemba nataka tuwapeleke Kitulo, maua yakiwa yameanza kufunguka kwenye uwanda. Ila nimeacha kumuuliza binti yangu kama amefurahi.

Likizo ya Juni tunakwenda Tukuyu kwa mama yangu. Binti ameniomba jambo moja: alale kwenye ile nyumba ndogo ya nyuma, yeye na watoto wa kike wa mjomba wake, bila mtu mzima. Miaka yote nyumba ile ni ya wavulana. Nilipompigia mama yangu kumuuliza, nilitegemea akatae. Akasema, “Kaka zako wamelala humo tangu wakiwa na miaka kumi, na hakuna aliyenipigia simu.”

Baba yao anasema nisiamue mpaka arudi, tuongee. Tutaongea. Lakini fundi wa Tukuyu nimeshampigia, kesho anafunga komeo jipya kwenye mlango wa ile nyumba ndogo, kwa ndani.